MALEZI YA WATOTO WADOGO KATIKA MSIMU WA TUMBAKU
Somo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

Madhumuni ya somo

Somo hili limekusudiwa kusomwa na katibu mbele ya wanachama, wake kwa waume, kabla mvua hazijaanza. Baada ya kulisoma na kulijadili, mwanachama aweze:

(a) kueleza kwa nini msimu wa tumbaku ni wakati mgumu kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu;
(b) kumlisha na kumlinda mtoto huyo kwa vitu vinavyopatikana nyumbani;
(c) kutambua dalili za hatari na kuchukua hatua bila kuchelewa;
(d) kushiriki katika mpango wa chama wa kulea watoto kwa pamoja wakati wa kazi nyingi.

1. Mzigo na mbeleko

Katika karne ya 19, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikafika Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora wa leo, kisha ikaelekea Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa kubeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, siku baada ya siku. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba wanawake nao walikuwamo katika misafara hiyo. Walichukua vyungu, chakula na vyombo vya kambini, na baadhi yao walikuwa na watoto migongoni. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mzigo ulianza kushuka mabegani mwa wapagazi. Mzigo wa mama haukushuka.

Leo mama huyo yumo katika shamba la tumbaku. Vitalu humwagiliwa kabla ya mvua. Miche huhamishiwa shambani mvua zinapoanza, mwezi Novemba au Desemba. Kisha palizi, kuondoa maotea, kuchuma na kukausha hufuatana bila nafasi hadi karibu na mwisho wa mvua. Miezi hiyo hiyo ndiyo miezi ya mbu, ya maji machafu visimani, na ya ghala la chakula lililopungua. Hivyo mtoto humhitaji mama zaidi wakati ule ule ambao shamba nalo linamhitaji zaidi.

Na ichukuliwe mfano wa kaya yenye ekari mbili za tumbaku na mtoto wa miezi 14. Mama huondoka alfajiri. Mtoto huachwa na dada yake aliye darasa la pili, pamoja na bakuli la uji uliopikwa jana. Mchana dada humpa uji ule uliopoa. Jioni mtoto amekwisha sinzia kabla ugali haujaiva. Miezi inapita. Siku ya soko, mwenye kaya anaujua uzito wa kila mtumba wake wa tumbaku, na mizani ikikosea kidogo hulalamika, tena kwa haki. Lakini hajui uzito wa mtoto wake, kwa maana mara ya mwisho mtoto huyo kupandishwa kwenye mizani ilikuwa kabla ya mvua.

Katika mfano huu hakuna mzazi mvivu wala asiyempenda mwanawe. Kilichokosekana ni mpango. Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea; na kazi yoyote kubwa hufanywa kwa mpango.

2. Mtoto tangu kuzaliwa hadi miezi 6

Mtoto mchanga anahitaji mambo matatu: joto, usafi na maziwa ya mama.

Joto. Mara anapozaliwa akaushwe na kuwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kufunikwa. Asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Usiku wa Juni na Julai una baridi katika mkoa wa Tabora; mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo abebwe kifuani mchana na usiku, na baba anaweza kupokezana na mama.

Usafi. Kitovu kiachwe kikavu. Kisipakwe majivu, kinyesi cha ng'ombe wala dawa ya kienyeji, kwa sababu vitu hivyo vinaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Yeyote anayempokea mtoto anawe mikono kwa sabuni kwanza.

Maziwa ya mama. Mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Maziwa ya kwanza ya rangi ya njano, yaitwayo dang'a, yasikamuliwe na kumwagwa. Yana kinga kubwa dhidi ya maradhi. Tangu hapo hadi atimize miezi 6, mtoto apewe maziwa ya mama peke yake. Asipewe maji, hata siku za joto, kwa kuwa maji yamo tayari ndani ya maziwa hayo. Asipewe uji mwepesi wala maziwa ya ng'ombe.

Hapa kuna onyo linalohusu Tabora hasa. Mkoa huu unajulikana kwa asali yake, na katika nyumba nyingi asali ni dawa ya kikohozi na zawadi kwa mgeni. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo. Asali, hata ile safi kabisa, inaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda, lakini ndani ya tumbo la mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Kuichemsha nyumbani hakuondoi hatari hiyo.

Mama anayelazimika kwenda shambani anaweza kukamua maziwa yake katika kikombe safi chenye kifuniko. Yakiwekwa mahali pa kivuli na baridi, yatumiwe ndani ya saa 4. Mtoto anyweshwe kwa kikombe au kijiko; chupa yenye chuchu ni ngumu kusafishwa vizuri kijijini, na huleta kuhara.

3. Chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2

Akitimiza miezi 6, maziwa ya mama pekee hayatoshi tena. Aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi, lakini aongezewe chakula.

Kosa la kawaida si kukosa chakula ndani ya nyumba. Mara nyingi kosa ni idadi ya milo. Mtu mzima anaweza kula mara mbili kwa siku akashiba, kwa kuwa tumbo lake ni kubwa. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi hulijaza maji kabla hajapata nguvu. Jambo hili lilionekana wazi katika mpango wa lishe wa mkoa wa Iringa ulioanza miaka ya 1980 kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Vijiji 168 vya mwanzo viliwapima watoto wao kwa zamu, na wanakijiji wenyewe wakajadili matokeo na kutafuta sababu. Moja ya mafunzo makubwa ya mpango ule ni kwamba mtoto mdogo alishwe mara nyingi zaidi kwa siku, na kwamba kijiji chenyewe kinaweza kusimamia jambo hilo.

Kiasi kifaacho ni hiki:
- miezi 6 hadi 8: milo 2 hadi 3 kwa siku, pamoja na kunyonya;
- miezi 9 hadi 23: milo 3 hadi 4 kwa siku, na katikati yake kitu kidogo cha kutafuna mara moja au mbili.

Uji uwe mzito kiasi cha kutodondoka upesi kutoka kijikoni. Ukiwa mzito mno mtoto hushindwa kuumeza. Hapo ndipo kimea hufaa. Ulezi hulowekwa siku moja, huachwa uchipue siku mbili au tatu, hukaushwa juani na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikitiwa katika uji mzito unaopoa, uji hulainika bila kuongezwa maji. Kisha urudishwe jikoni uchemke tena kidogo. Kwa njia hii mtoto hupata nguvu nyingi katika bakuli dogo. Si bure kwamba katika Kiswahili nafaka hii na kazi ya kulea zina jina moja: ulezi.

Uji peke yake haujengi mwili. Uongezwe karanga zilizotwangwa, maziwa, au unga wa dagaa. Mchana mtoto apondewe ugali laini kwa mchuzi wa maharage, kunde, yai au samaki. Mboga za majani zisikosekane: mchicha, majani ya maboga, na nsansa iliyokaushwa wakati wa neema. Viazi vitamu, vikiwa vibichi au vimehifadhiwa kama matobolwa, humfaa mtoto vikichemshwa na kupondwa vizuri. Miembe iliyosimama kando ya njia ya zamani ya misafara ingali inazaa. Embe lililoiva lina vitamini inayolinda macho, na halihitaji kununuliwa dukani.

Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yasipewe mtoto, hata yakioshwa. Ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Mwisho, mtoto awe na bakuli lake. Anayekula sahani moja na kaka zake hushindwa mbio, na hakuna anayejua amekula kiasi gani.

4. Hatari za shamba na bani

Jani bichi la tumbaku lina nikotini. Likiwa na umande au mvua, nikotini hiyo hupenya ngozi ya mchumaji na kumletea kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika. Kwa mama anayenyonyesha, nikotini huingia pia katika maziwa. Hii si sababu ya kumwachisha mtoto ziwa, bali ni sababu ya kugawa kazi upya. Mjamzito na anayenyonyesha wasichume majani yenye maji wala kunyunyizia viuatilifu. Wapewe kazi nyingine. Aliyetoka shambani abadili nguo na kunawa mikono, mikono yote hadi viwiko, pamoja na kifua, kabla ya kumpakata mtoto.

Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kuchuma wala kunyunyiza. Asilazwe karibu na bani linalowaka, ambako kuna moshi na moto, wala katika chumba kilichojaa tumbaku. Kaya nyingi hulala pamoja na tumbaku kwa kuogopa wezi. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo tumbaku ndiyo ihamishwe, wala si pumzi ya mtoto ihatarishwe.

Makopo ya viuatilifu yasitumiwe kuchotea maji wala kuhifadhia maziwa, hata yakioshwa mara saba. Yatobolewe na kurudishwa mahali chama kilipoagiza. Kisima kifupi na shimo la maji ya vitalu vifunikwe, kwa kuwa mtoto anayejifunza kutembea huweza kuzama katika maji ya kina kidogo sana.

Mtoto akiungua, pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Pasipakwe mafuta, majivu wala dawa ya meno. Kisha pafunikwe kwa kitambaa safi na mtoto apelekwe kituo cha afya.

5. Magonjwa ya msimu wa mvua

Malaria. Mtoto na mama walale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata wakilala kambini shambani. Homa ni sababu ya kwenda kupima siku hiyo hiyo. Dawa iliyobaki ya mtu mwingine isitumiwe.

Kuhara. Kinachoua ni kupungukiwa na maji. Pakiti moja ya chumvichumvi ichanganywe na lita 1 ya maji safi. Pakiti isipopatikana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vikiwa vimesawazishwa, vitiwe katika lita 1. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo kila anapohara, aendelee kunyonya na kula, na apelekwe kupata vidonge vya zinki.

Kichomi. Mtoto akikohoa, zihesabiwe pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, na pumzi 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya kichomi. Saa ya mkononi au simu ya kawaida hutosha kwa kazi hiyo.

Mtoto apelekwe hospitali mara moja, mchana au usiku, akionyesha mojawapo ya dalili hizi: kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kutoamka, na kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi.

Chanjo zifuatwe kama zilivyoandikwa kwenye kadi: wakati wa kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa ajili ya surua na rubela. Chanjo ya miezi 9 au 18 ikiangukia wakati wa kuchuma ndiyo inayosahauliwa upesi.

6. Wajibu wa chama

Miongoni mwa misingi ya ushirika inayokubaliwa duniani, wa tano ni elimu kwa wanachama na wa saba ni kuijali jamii. Kwa hiyo malezi ya watoto hayako nje ya kazi za chama. Mambo yafuatayo yanaweza kufanywa na chama chochote, hata kidogo.

Kwanza, kivuli cha watoto. Chukua mfano wa kaya 20 zenye mtoto mmoja mmoja wa umri wa mwaka 1 hadi 3, na wiki 10 za kazi nyingi, siku 6 kwa wiki; hizo ni siku 60. Walezi wanne watu wazima kila siku wanatosha, kila mmoja watoto watano. Kila kaya ikitoa mlezi kwa zamu, itadaiwa siku 12 tu katika msimu mzima, na katika siku 48 zilizobaki mama atafanya kazi akiwa na moyo mtulivu. Kila mtoto akitumia gramu 100 za unga na gramu 20 za karanga kwa siku, kituo kitahitaji kilo 120 za unga na kilo 24 za karanga. Kila kaya italeta kilo 6 za unga na kilo 1.2 za karanga. Hakuna mkopo unaohitajika.

Mahali pawe na kivuli cha kweli, maji safi, sabuni, choo na uzio, tena mbali na mabani. Watoto waimbiwe, wasimuliwe hadithi na kupewa vitu vya kuchezea, hata magunzi ya mahindi, kwa kuwa akili nayo hulishwa. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vinasimamiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009; kwa hiyo katibu amwone Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri kabla ya kuanza. Faida moja zaidi: dada wa darasa la pili atarudi shuleni.

Pili, siku ya mizani. Katibu aandike barua kwa kituo cha afya na kuomba huduma ya mkoba mara moja kwa mwezi, ikiwezekana siku ambayo wanachama hukutana. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apimwe pia mzunguko wa mkono: ukiwa chini ya sentimita 12.5 ana upungufu wa lishe, na ukiwa chini ya sentimita 11.5 yumo hatarini na hana budi kutibiwa.

Tatu, chakula kabla ya tumbaku. Wakati wa kuandikisha makisio ya uzalishaji, kila mwanachama aulizwe ana ekari ngapi za mahindi, karanga na kunde. Malipo ya tumbaku huweza kuchelewa. Njaa ya mtoto haina subira. Na malipo yanapofika, mume na mke wakae pamoja kupanga matumizi.

Nne, haki za waajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha ruhusa ya kumnyonyesha mtoto wake hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi, na inakataza kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi ya kudhuru afya yake au ya mtoto. Chama chenye waajiriwa kiwe cha kwanza kutii.

Maswali ya majadiliano

1. Katika chama hiki, watoto wa miaka chini ya mitatu hubaki na nani wakati wa kuchuma?
2. Mtoto wa nyumbani kwa kila mwanachama alikula mara ngapi jana? Nani alimlisha?
3. Ni nani kati ya wanachama wanaolala chumba kimoja na tumbaku, na chama kinaweza kuwasaidiaje?
4. Kivuli cha watoto kinaweza kuwekwa wapi, na nani watakuwa walezi wa wiki ya kwanza?
5. Wanaume watachukua zamu zipi?

Majibu yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano, pamoja na majina ya waliokubali wajibu na tarehe ya kuanza. Mkutano wa mwisho wa msimu upokee taarifa mbili: ya kilo za tumbaku zilizouzwa, na ya watoto waliopimwa na walivyoongezeka uzito. Chama kinachoweza kusoma taarifa zote mbili bila aibu kimevuna kweli.